Mzee Aliyeingia Akitembea Atoke Akitembea

Barua ya wazi kwa Waganga Wafawidhi na Wauguzi Wafawidhi wa Hospitali za Rufaa za Mikoa, Tanzania Bara

YAH: WAZEE WANAOPOTEZA NGUVU ZA MIGUU WAKIWA WODINI

Waheshimiwa,

Najua barua hii itawakuta katikati ya mambo mengi: wodi zilizojaa, wauguzi wachache wa zamu ya usiku, taarifa za mwezi zinazosubiriwa. Kwa hiyo naliweka ombi langu mwanzoni. Tangu siku mzee anapolazwa, kusimama na kutembea kwake kuhesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Kuandikwe kwenye faili, kuwe na mtu wa kusimamia, na kuulizwe kila raundi kama dawa inavyoulizwa.

Nchi yetu imefanya jambo kubwa kwa wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua kuwa kundi lenye haki zake, na sera ya afya ikaamua kwamba mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Leo mtu akiingia hospitali anakuta dirisha la wazee na bango linalotaka mzee apishwe apate huduma kwanza. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na kati yetu wenye miaka 60 na zaidi wamevuka milioni tatu. Tumejitahidi kumfikisha mzee kwa daktari mapema. Akishapanda kitanda cha wodi, hatujajitahidi kiasi hicho kumshusha.

Nyinyi mnayajua madhara ya kulala kuliko mimi, lakini wasomaji wengine wa barua hii hawayajui, na hao ndio ndugu wanaokuja kumfunika mzee blanketi na kumwambia apumzike. Mwili wa mzee hauna akiba ya nyama kama wa kijana. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani ambapo kundi dogo la watu wenye afya njema, wastani wa umri wao miaka 67, walikubali kukaa kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa na homa, hawakuwa na kidonda, walikula vizuri. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Sasa mfikirie mwenye miaka 80, ana nimonia, hali chakula, na alikuja tayari amekonda.

Miguu si peke yake inayodhurika. Aliyelala siku nyingi akiinuka ghafla shinikizo la damu linashuka, anaona giza, anaanguka. Makohozi yanatuama kifuani. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu na kipande kikapanda hadi mapafuni. Choo kinakuwa kigumu, mkojo unabaki kibofuni, na ngozi ya makalio, nyonga na visigino inaanza kufa kwa kugandamizwa saa nyingi mahali pamoja. Daktari Mwingereza Richard Asher aliyaandika haya mwaka 1947 katika makala mashuhuri kuhusu hatari za kumlaza mgonjwa kitandani. Jambo lenyewe si geni wala halikusubiri mashine za kisasa.

Nieleze lilivyotufika sisi. Mama yangu mkubwa alipelekwa hospitali akiwa na nimonia. Alishuka kwenye bajaji mwenyewe, akashika bakora yake, akatembea mpaka dirishani. Akalazwa, akaanzishiwa sindano, na dawa zikafanya kazi: homa ilishuka, kifua kikafunguka, akaanza kuulizia chai ya tangawizi. Lakini tangu alipopandishwa kile kitanda hakukanyaga sakafu. Kitanda kilikuwa kirefu, akikaa pembeni miguu inaning'inia. Kandambili zake tuliambiwa tuzirudishe nyumbani zisipotee. Bakora iliegemezwa nyuma ya mlango. Mpira wa mkojo aliwekewa usiku wa kwanza kwa kuwa hakukuwa na wa kumpeleka chooni, nao ukabaki. Kila raundi ilipomfikia, maswali yalikuwa ya homa, kikohozi na hamu ya kula. Majibu yalikuwa mazuri, na madaktari wakasogea kitanda kinachofuata. Siku ya kuruhusiwa, karatasi ilisema hali imeimarika. Kaka zangu wawili wakambeba kwa shuka mpaka kwenye gari.

Wauguzi waliomhudumia walikuwa wapole na wenye bidii, na kwa mujibu wa faili lake hakuna aliyekosea. Hapo ndipo ninapoiona shida. Faili lilikuwa na mahali pa kuandika joto la mwili, mapigo ya moyo na dozi ya kila dawa. Halikuwa na mahali pa kuandika kama mama huyu amesimama leo. Kisichoandikwa hakiulizwi, na kisichoulizwa kwenye raundi hakina mwenyewe.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninaloomba ni la kalamu na karatasi. Siku mzee anapolazwa, muuguzi amuulize yeye au aliyemleta: wiki mbili zilizopita, kabla ya ugonjwa huu, alikuwa anatembeaje? Alikuwa anakwenda chooni mwenyewe? Anavaa na kula mwenyewe? Akili yake ilikuwaje? Kuna kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, chenye maswali 10 ya mambo haya haya na alama kuanzia 0 hadi 100. Hakihitaji maabara wala umeme. Alama ya kabla ya ugonjwa, ya siku ya kulazwa na ya siku ya kuruhusiwa zikiandikwa pamoja kwenye ukurasa wa mbele, daktari ataona kwa jicho moja kama anamrudisha mtu nyumbani au anarudisha mzigo kwa familia.

Jambo la pili: kulala kitandani kuwe ni amri ya daktari, yenye sababu na tarehe ya mwisho. Ziko sababu za kweli, kama mfupa ambao haujatengenezwa, shinikizo la damu lililoshuka mno, au kupumua kwa shida. Asiye na sababu iliyoandikwa akalishwe kwenye kiti siku ya kwanza au ya pili, ale akiwa amekaa, asimame kwa kushikiliwa, apige hatua tano leo na kumi kesho. Na kila asubuhi uulizwe mpira wa mkojo: unahitajika leo? Iulizwe na dripu pia. Mpira uliosahaulika unaleta maambukizi na unamfunga mtu kitandani bila kamba. Dripu inayodondosha maji kwa mzee anayeweza kunywa kikombe ni nanga.

Najua wasiwasi mtakaoutaja, nao ni wa haki. Mzee akisimamishwa anaweza kuanguka, na akianguka wodini lawama ni zenu. Muuguzi mmoja wa usiku mwenye wodi nzima hawezi kumshika kila mtu mkono. Lakini mzee aliyelazwa tu bila kusogezwa haponi hatari ya kuanguka. Anaibeba kwenda nayo nyumbani, kwenye vizingiti na choo cha uani, ambako hakuna muuguzi hata mmoja. Afadhali ajifunze kusimama tena mbele yenu.

Tena vitu vingi vinavyomwangusha ni vya kurekebishwa na fundi wa hospitali. Tafadhali, mtakapopita wodini wiki hii, piteni mkitazama miguu ya wazee. Wangapi wana viatu vinavyoshika sakafu? Wangapi wakikaa pembeni ya kitanda nyayo zao zinafika chini? Bakora iko mkono unapofika au iko stoo? Kutoka kitandani hadi chooni kuna mahali pa kushika? Choo chenyewe ni cha kuchuchumaa? Mtu ambaye magoti yake yameshindwa na yabisi hawezi kuchuchumaa wala kuinuka, hivyo anabana mkojo, anapunguza kunywa maji, na mwishowe anavalishwa pampasi ambayo hakuwa anaihitaji nyumbani kwake. Bomba la chuma la kushikia ukutani, kiti cha choo cha mbao kilichotobolewa katikati, kigoda imara kando ya vitanda virefu: hivi seremala na fundi wa kuchomelea wa mjini kwenu wanavitengeneza kwa wiki moja. Na ndugu waambiwe waziwazi kwamba viatu vya mgonjwa vibaki wodini.

Kama mnataka mfano wa aliyeanza bila kusubiri, someni habari za Dakta Marjory Warren. Mwaka 1935, katika Hospitali ya West Middlesex huko London, alikabidhiwa jengo la zamani la kuhifadhi maskini lenye wagonjwa 714. Wengi walikuwa wamelala miaka, bila uchunguzi wa maana, wakihesabiwa kuwa hawaponi. Aliwapima mmoja mmoja, akawagawa kulingana na mahitaji yao, akaboresha wodi, akawatoa vitandani na kuwafundisha kutembea upya. Idadi kubwa waliondoka hospitali, baadhi kurudi makwao. Aliandika uzoefu wake katika majarida ya kitabibu mwaka 1943 na 1946, na tiba maalumu ya wazee nchini Uingereza ikajengwa juu ya kazi yake. Alianzia mahali ambapo wenzake walikuwa wamekata tamaa, katika jengo ambalo hakuna aliyelitaka.

Naomba sasa niseme kuhusu kuweweseka, kwa sababu hapa wazee wetu wanaonewa sana. Mzee aliyekuwa na akili timamu jana, leo hajui yuko wapi, anaita watu waliokwisha kufa, anang'oa dripu. Ndugu wanasema amerogwa au amepandisha mapepo, na mtumishi mwenye haraka anasema ni uzee. Mara nyingi ni ugonjwa wa ghafla wa ubongo wenye chanzo kinachotibika: maambukizi, kupungukiwa maji, kibofu kilichojaa, choo kilichoganda, maumivu yasiyotulizwa, dawa mpya, au usiku mfululizo bila usingizi. Wako pia wanaoweweseka kimya kimya. Wanalala mchana kutwa, hawasumbui mtu, na kwa kuwa hawasumbui hakuna anayewatazama. Kumfunga mikono kwa bandeji kitandani kunamzidishia hofu, na sindano ya kumlaza inamzidishia kulala.

Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya mpango waliouendesha hospitalini kwa wagonjwa wa miaka 70 na zaidi. Waliwafuatilia wagonjwa 852. Katika wodi za kawaida asilimia 15 waliweweseka, na kwenye mpango wao asilimia 9.9. Mpango huo haukuwa dawa mpya. Mgonjwa alikumbushwa siku na mahali alipo, alitembezwa, alipewa miwani yake na kifaa chake cha kusikia, alinyweshwa maji, na usiku kelele zilipunguzwa ili alale. Hakuna hata kimoja katika hivi kisichowezekana Shinyanga, Mtwara au Kigoma. Saa kubwa ya ukutani na kalenda inayochanwa kila siku vinatosha kuanzia. Meno ya bandia yasifungwe kwenye leso na kurudishwa nyumbani. Asiye na meno hali, na asiyekula hasimami.

Kiharusi kinahitaji neno lake. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, watu 108.6 kati ya kila 100,000 kwa mwaka walipata kiharusi upande wa Hai, na 315.9 upande wa Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba wodi zenu hazitakosa mtu aliyepooza upande mmoja, na wengi wao si wa kupelekwa mahali pengine. Ni wenu. Kwao uji wa kwanza usitolewe mpaka ionekane wanaweza kumeza, na watakapopewa wawe wamekaa wima. Uji unaomiminwa kwa kijiko kinywani mwa aliyelala chali unaingia mapafuni, na nimonia inayofuata inaua. Bega la upande uliopooza lisivutwe anapogeuzwa. Na hapa haraka ina mpaka wake: jaribio kubwa la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wagonjwa 2,104, lilionyesha kuwa mazoezi mengi na makali ndani ya saa 24 za mwanzo yanapunguza nafasi ya kupona vizuri. Kiasi kidogo, mara kadhaa kwa siku, chini ya uangalizi, ndiyo njia.

Kwa aliyevunjika nyonga haraka ni jambo jingine. Mwongozo wa Uingereza unataka afanyiwe upasuaji siku ileile au siku inayofuata, kisha asimamishwe siku moja baada ya upasuaji. Najua umbali wetu na uhaba wa vifaa. Hata hivyo bibi anayewekwa wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito, bila yeyote kusema waziwazi kama kuna upasuaji au hakuna, anaoza mgongo huku akisubiri jibu. Familia ipewe jibu mapema, na rufaa ya kwenda hospitali ya MOI, KCMC au Bugando, kama ipo, iandikwe wiki ya kwanza.

Mtasema, kwa haki tena, kwamba mikono haitoshi. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, na wengi wanangojewa kwenye chumba chao cha mazoezi wakati wazee wako wodini. Ninaomba mambo mawili. Mtaalamu huyo awe na saa zake za wodini kila siku ya kazi, awafundishe wauguzi na wahudumu namna ya kumwinua mtu bila kujiumiza mgongo, na abaki na wale wagumu. Pili, watumieni ndugu. Sisi tunakuja na chupa za chai na mabakuli ya mtori, tunazuiwa getini mpaka saa ya kuona wagonjwa ifike, tunaingia kwa mbio, tunalisha, tunatolewa. Hatujawahi kufundishwa chochote. Mruhusuni ndugu mmoja kwa kila mzee aliyedhoofika au anayeweweseka, awe na kitambulisho, awepo saa za chakula na jioni. Mfundisheni kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumkagua visigino, kumtembeza hadi dirishani na kurudi. Mtoto wa mgonjwa anayefundishwa wodini ndiye mwalimu wa mazoezi atakayebaki nyumbani baada ya nyinyi kumaliza kazi yenu.

Kuruhusiwa nako kuandaliwe. Leo tunaitwa asubuhi tuje na nauli, tunapewa karatasi na mfuko wa dawa. Swali la ngazi ngapi nyumbani, choo kiko wapi, nani anabaki naye mchana, haliulizwi. Maswali hayo yaulizwe siku mbili kabla. Mazoezi matatu ya kufanya nyumbani yaandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Jina la mzee lipelekwe kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa au kijiji chake, maana mpango wa taifa wa wahudumu hao ulizinduliwa Januari 2024 na kazi yao ni kufika majumbani. Apitiwe wiki ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni mzee kurudi wodini akiwa na vidonda vya mgongo.

Yako yasiyo mikononi mwenu, na kwa hayo nakala ya barua hii naielekeza kwa Waziri wa Afya. Mei 2023 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuimarisha huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, ndani ya mifumo ya afya, na mwaka huohuo Bunge letu likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Hayo mawili yakutane. Kitita cha bima kimlipie mzee mazoezi ya viungo, fremu ya kutembelea, magongo na kiti mwendo, kama kinavyomlipia sindano. Nafasi za kazi za wataalamu wa utengamao zijazwe mikoani. Na wanafunzi wa udaktari na uuguzi wapitishwe kwenye tiba ya wazee kama wanavyopitishwa kwenye tiba ya watoto.

Nyinyi hamhitaji kusubiri hayo ili muanze. Chagueni wodi moja, ya wanawake au ya wanaume, na muuguzi mmoja mwenye moyo wa kazi hii. Kwa miezi mitatu aandike namba mbili kwa kila mwenye miaka 60 na zaidi: wangapi walikuwa wanatembea kabla ya kuugua, na wangapi wanatembea siku ya kuruhusiwa. Namba hizo ziwekwe ubaoni mahali ambapo raundi inaanzia, na zisomwe kwenye kikao cha asubuhi pamoja na idadi ya waliolazwa na waliofariki. Mwezi wa kwanza huenda zisipendeze. Zitangazeni hivyohivyo. Wananchi tunaelewa namba mbaya iliyosemwa kweli, na sisi wenye wazazi katika vitanda hivyo tuko tayari kuja kushika mikono, kununua kandambili na kuchanga fedha za mabomba ya kushikia. Tuambieni tu tuanze lini.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi mwenye wazee

Nakala: Waziri wa Afya, Dodoma